Sitaomba Radhi kwa Ajili ya Kopo Namba Saba

Chumba namba nne, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na kwamba sasa unapanda ngazi za kwako bila kupumzika katikati. Na Baba Mdogo, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mama bado ana nguvu za kugombana na mpangaji wa juu kila asubuhi kuhusu maji yanayovuja, basi ujue ni mzima.

Barua yako ilinifika Alhamisi na nimeisoma mara tatu. Unasema umesikia kwamba nimeondolewa maabara nikatupwa ghala la makopo matupu, na unanisihi niandike barua ya kuomba radhi kabla sijamwaga unga kabisa. Najua ni mapenzi yanayokusemesha. Ila uliyoyasikia ni nusu, na hiyo nusu yenyewe imetiwa chumvi. Bora uyapate kwangu.

Kazi yangu ilikuwa kupima vipodozi baada ya watu kuvitumia. Kopo jipya lililofungwa karibu kila mara huwa safi. Swali ni litakuwaje wiki ya nne, vidole vikishaingia asubuhi na jioni, na likishalala bila kifuniko bafuni. Kwa hiyo tunawapa watu makopo waende nayo nyumbani, wayatumie kama kawaida yao, kisha wayarudishe. Mimi nachota kidogo, napaka kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu, naviweka katika kabati la joto, na baada ya siku tatu naangalia kilichoota.

Mwaka huu kiwanda kilitengeneza krimu ya kupaka chini ya macho. Meneja alitaka iandikwe kwenye boksi kuwa haina dawa kali, basi ile dawa ya kuzuia vijidudu ikapunguzwa hadi ikabaki jina tu. Niligawa makopo ishirini na matano kwa mafundi cherehani wa karakana iliyo jirani yetu. Yaliporudi, kumi na moja yalikuwa yameota vijidudu. Yale niliyoyaacha bila kufunguliwa yalikuwa safi yote.

Mmoja wa mafundi hao, tunamwita Mama Vifungo kwa sababu kazi yake ni kutia vifungo, alirudisha kopo lake jicho la kushoto likiwa limevimba, halifunguki. Hakuja kugomba. Aliniuliza tu kama bado anaruhusiwa kuendelea na krimu kwenye jicho la pili, maana alikuwa ameahidi wiki nne na zilibaki siku mbili. Mama Mdogo, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari, na hakushika sindano siku tisa.

Nikampelekea meneja matokeo. Aliyasoma akiwa amesimama.

"Andika kwamba watumiaji hawakunawa mikono," akaniambia.

"Krimu haichotwi kwa kijiko, bwana. Mikono ndiyo tunayoipima."

"Mikono ya mafundi cherehani. Wateja wetu si watu wa namna hiyo."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikamwambia basi turudie jaribio na watu wa namna hiyo anayoitaka: yeye, mhasibu, watu wa mauzo, yeyote mwenye meza na kiti cha kuzunguka. Alicheka, akakubali mbele ya watu. Nadhani aliniona nimejichimbia kaburi.

Yakatoka makopo kumi. Kila moja lilikuwa na namba tu, na orodha ya majina aliiweka katibu wake kwenye droo yenye ufunguo. Wiki nne zikapita. Siku ya kikao nikasoma matokeo: makopo manne yameota, na chafu kuliko yote ni namba saba. Mhasibu akauliza namba saba ni ya nani. Katibu akatazama orodha, akatazama dari, akasema hana hakika. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena. Meneja alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Kesho yake nikaitwa. Nitie sahihi karatasi ya kuomba radhi, ikisema kwamba jaribio la pili liliharibika kwa uzembe wa maabara, au niende ghalani. Nikachukua koti langu jeupe, nikaenda ghalani. Ila kabla ya hapo nakala za majaribio yote mawili nilizipeleka ofisi ya serikali ya ukaguzi wa vipodozi, kwa jina langu kamili. Sikujificha.

Mama anasema ningefunika kombe mwanaharamu apite. Nimemjibu kwamba safari hii mwanaharamu yumo ndani ya kombe, na watu wanajipaka machoni.

Wakaguzi walikuja mwezi uliopita. Krimu imezuiwa. Dawa imerudishwa kiwango chake, na nasikia safari hii watatumia tyubu badala ya kopo. Mimi hakuna aliyeniambia asante, wala sikurudishiwa kiti changu. Meneja hunipita kana kwamba mimi ni kivuli ukutani. Wiki iliyopita alituma tena ile karatasi ya radhi, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi tu. Nimeirudisha kama ilivyokuja.

Kwa hiyo usinililie. Nashinda nahesabu vifuniko, mgongo unauma, na jioni nalala usingizi wa mtu asiyedaiwa uongo. Akinifukuza, nitafukuzwa nikiwa wima. Sikumtukana mtu wala sikuiba. Nilisema kilichoota, basi.

Juzi Mama Vifungo alipita ghalani. Jicho limepona. Amesikia kuna jaribio la hiyo tyubu, na ameshajiandikisha na wenzake wote wa karakana. Nikamwuliza haogopi? Akasema kama wao hawatajaribu, itajaribiwa na watu ambao hawakuambiwa kitu.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha, na Bibi wa jirani anayekusomea barua miwani yako inapopotea. Mwambie hii asome kwa sauti, sioni haya. Mungu akuzidishie afya, na akulinde na kila kilicho safi kwa nje tu.

Hii naitia sahihi kwa hiari yangu,

Mwanao akupendaye, wa ghalani.