Mianzi ya Uani kwa Mama Rukia

Mzee Shaibu,

Ni mimi Wekesa. Naandika kwa lile daftari la kitalu, kurasa za nyuma ambazo hukuwahi kuzifikia. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pale tunapojaza udongo kwa mifuko ya miche. Ni saa nane mchana, hakuna mteja. Sijui mtu aliyekufa huandikiwa vipi. Kwetu Bungoma akifa mtu tunamlaza nyumbani, tunakaa naye, kila mmoja anamwambia yake hata kama ni matusi, siku nne, siku tano, mpaka maneno yanaisha. Wewe hukunipa hata saa moja.

Asubuhi ile ulinituma Mwala kung'oa mianzi aliyoagiza yule mwalimu mstaafu wa mlimani. Ulisimama kando ya pikapu umeikunja kanzu kwa mkono mmoja ukaniambia, "Wekesa, mwanzi ukitoka bila udongo kwa mizizi, uache huko huko. Usiniletee kuni." Nikasema sawa mzee. Gari ilipoanza kutembea ukapiga kelele, "Na usile njiani! Mama amepika." Hayo ndiyo ya mwisho niliyosikia kwako.

Nilirudi saa kumi na mbili kasoro. Nje ya nyumba yako kulikuwa na viti, na wanaume wenye kofia wakiongea polepole. Nikafikiri ni shughuli ya harusi ambayo ulisahau kuniambia. Jirani yako muuza spea akanishika mkono. "Pole sana. Tumetoka kumzika sasa hivi." Nikamuuliza, nani? Akataja jina lako. Nikageuka nikaanza kushusha mianzi. Nilishusha mashina yote kumi na moja, nikayamwagia maji, nikayafunika kwa magunia yaliyolowa. Watu walikuwa wananiangalia.

Walinieleza baadaye kwamba ulianguka ukitia udhu wa adhuhuri, na kwamba kwa dini yenu maiti hacheleweshwi. Naelewa, mzee. Sina ugomvi. Lakini nilikuacha umesimama.

Sijalia mpaka leo. Nakula, nalala, namwagilia miche. Mtu akiuliza Mzee Shaibu yuko wapi, mdomo wangu unajibu kwamba alikufa, kama vile mwenye duka anavyojibu kwamba mkate umeisha. Mke wangu ameandika barua kuuliza kama nimeoa huku, maana Krismasi imepita na sikwenda. Hata hiyo haikunishtua.

Kitu kimoja tu kilinikaa kichwani, nacho ni mama, mkeo. Siku ya tatu binti yako Rukia alikuja kutoka Kyumbi anakoishi na mumewe, akanisimamisha getini. "Mama yuko eda. Miezi minne na siku kumi. Haonekani na mwanamume asiye wa kwao." Nikamuuliza, hata mimi? Akaangalia chini. "Hata wewe, Wekesa." Miaka mitatu nimekula kwa meza ya huyo mama. Sasa sahani yangu inawekwa kwa kidirisha cha jikoni, kinagongwa mara mbili, nikifika nakuta kimefungwa. Nasikia sauti tu: "Wekesa baba, pilipili iko kando. Usije ukasema nataka kukuua."

Halafu kuna lile ghorofa. Unakumbuka lilivyopanda nyuma yako kwa mwaka mmoja, na madirisha yote yakaangalia uani kwako. Ulifunika nyua za watu wa mji huu wote kwa miti, na kila nilipokuuliza juu ya wa kwako ulisema, "Wangu utangoja, wateja hawangoji." Basi mama akajifungia ndani. Alimwambia Rukia, "Uani kwangu dini hainizuii. Macho ya wapangaji ndiyo yananizuia." Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Akawa anakaa juu ya kitanda chini ya mabati, na unajua joto la Oktoba hapa Machakos. Rukia akaniambia miguu ya mama imeanza kuvimba, na jua halijui tena.

Hapo nilivunja sheria yako. Ulisema mche wa mteja haushikwi hata kama mwenyewe amesahau. Mimi niliichukua mianzi ya mwalimu, ile uliyonituma. Nilimweleza baada ya wiki nzima, na nilipanda mlima nikijua atanifukuza. Akacheka. "Wekesa, kwangu wanaoniangalia ni ng'ombe tu. Mpandie huyo mama." Kwa hiyo hilo limeisha. Lakini ujue kwamba nilichukua kwanza nikauliza baadaye.

Kosa kubwa ni lingine. Nilipanda mashina yote kumi na moja kando ya ukuta wa nyuma, mstari mmoja, kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na wewe. Mama alijifungia chumbani na mimi nikachimba siku mbili. Sikuikata mianzi, niliiacha mirefu kuliko mimi ili ifunike haraka. Nikapanda na mikau miwili, ile miti ya huku inayokua mbio, na mwarobaini mmoja uliokuwa kwa mkebe. Nikaona nimemaliza. Majani ya mianzi yakadondoka yote, nikajua ni kawaida, yatarudi na mvua. Siku ya arubaini Rukia alitoka kuanika nguo, na mtu akapiga mluzi kutoka juu. Mama alisikia akiwa ndani. Siku hiyo kidirisha kiligongwa mara moja tu.

Nilisimama pale na jembe. Halafu nikakusikia, si kama mzimu, nilikumbuka tu, siku ile tulipofunika ua wa yule daktari, uliponiuliza, "Umeshasimama anaposimama yule anayechungulia? Basi unapandia nini?" Kila kazi tulianza hivyo. Wewe ulikwenda kwa jirani ukaomba kusimama dirishani, na mimi nikatembea uani na ufito wenye kitambaa, ukinielekeza kwa mkono. Kazi ya watu wote tulifanya hivyo. Ya nyumbani kwako nikairuka, kwa sababu anayebeba ufito ni mimi na anayesimama juu ni wewe. Sikutaka kupanda ngazi zile.

Nikapanda. Chumba cha katikati anakaa Mutisya, Mkamba mmoja anayefanya kazi kiwandani Athi River. Alifungua mlango na kijiko mkononi. "Aiya! Mluhya! Umekuja kuhesabu nguo zangu kwa kamba?" Nikamwambia nataka dirisha lake kidogo, nikamwambia na sababu. Akasema aliyepiga mluzi si yeye, na atamtafuta. Rukia akatembea uani na ufito, kitambaa juu. Kufika ukutani hakuonekana. Kufika mlango wa jikoni, mahali mama alikuwa akikaa kuchambua mchele, nilimwona mpaka kandambili. Mianzi ya ukutani ilikuwa inaficha choo na karo la kuoshea vyombo.

Mutisya ndiye alisema, "Si uilete karibu na yeye? Mimi nikitaka kuficha uso siendi kufunika nyumba ya jirani." Karibu nimpige kwa kijiko chake. Miaka mitatu ya kufundishwa na wewe, na mtu wa kiwanda anaona.

Mvua ya Novemba ilikuwa imeanza kunyesha. Nilihamisha mashina sita, na bonge la udongo kubwa kiasi kwamba tulibeba kwa gunia, mimi na Mutisya kila upande, Jumapili yake ya kupumzika. Nilikuwa na hofu yatakufa, yalikuwa yameanza tu kushika. Nikayapanda nusu duara mbele ya mlango wa jikoni, hatua mbili kutoka mahali pa mkeka wa mama. Mawili yalikufa. Manne yalitoa majani, halafu machipukizi manene kama mkono wangu. Nikasogeza mengine mawili kuziba pengo. Mama alianza kuuliza juu ya machipukizi kupitia kidirisha, "Yamefika wapi?" Nikawa namwambia: kifuani. Begani. Juma lililofuata: "Sasa yamefika wapi, baba?" Yamenipita, mama.

Wiki iliyopita Rukia aliniambia mama yuko tayari kujaribu, baada ya swala ya alasiri. Nikapanda kwa Mutisya tena. Alikuwa anakaanga. Nikasimama dirishani. Niliona majani, niliona kamba ya nguo, na kona ya paa la jikoni. Nikabadilisha dirisha, nikainama, nikapanda juu ya kiti chake. Majani tu. Mutisya akaja nyuma yangu. "Bado hajatoka." Nikamwambia pengine ameogopa.

Halafu tukasikia sauti chini pale, kali, ile unayoijua wewe. "Toka, paka! Jua hili nimelingoja miezi mitatu, wewe unakuja kulala katikati!"

Mutisya akasogea dirishani. "Yuko wapi? Huyo anaongea ako wapi?"

"Chakula chako kinaungua," nikamwambia, nikafunga dirisha.

Nikashuka mpaka ngazi ya tatu. Nikakaa hapo. Watu wakanipita na ndoo za maji, mmoja akaniuliza kama nimelewa. Nilitaka kuja kukuambia. Nilikuwa tayari nimeinuka kuja kitaluni kukuambia.

Ndiyo sababu ya barua hii.

Wiki tano zimebaki. Sitaondoka kabla. Mikau nitaimwagilia mpaka ishike, maana kivuli chake kitachukua miaka na kutoa kivuli si kazi ya mianzi. Nitamwandikia mke wangu ukweli. Kuna siku nitamwomba mume wa Rukia anipeleke makaburini anionyeshe ni wapi, kwa sababu napita karibu kila wiki na sijaingia.

Na siku ya eda kuisha nakuahidi nitaoga, nitavaa shati lile la buluu, nitasimama getini. Mama atafungua mlango. Nitamwangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Nafikiri hapo ndipo nitajua umekufa. Kama kuna kulia nitalia hapo, mbele yake, na yeye atajua la kufanya na mimi.

Pumzika sasa, mzee wangu.

Wekesa