Shaba Imeelea, Shangazi

Nyumba za Mgodi,
Safu ya Pili, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kwanza kaa kitako, na kama uko jikoni zima jiko kabisa, maana barua hii ina habari ya kukufanya uunguze chakula. Lakini nikiruka salamu utasema sikulelewa, basi nianze nazo. Goti linaendeleaje? Yale mazoezi ya daktari unayafanya kila siku, au siku ya kwenda kliniki tu? Baridi ya huko imepungua? Sisi hapa ni wazima. Mama kifua kimemwachia na sauti imerudi, tena imerudi na maneno yote aliyoshindwa kuyasema alipokuwa mgonjwa. Baba pia mzima wa mwili. Ya kichwa chake nitakueleza.

Ulipoandika kwamba unastaafu na unataka kuja kukaa nasi, nilikujibu kwa kifupi kwamba usubiri kwanza. Sasa nakupa sababu. Shaba ya juu, ile rahisi, inakwisha. Chini yake kuna mawe mapya, meusi, yenye shaba tele, lakini kila tulipoyajaribu maabara shaba ilikataa kutoka. Wakubwa wakasema kama maabara haiwezi kuitoa, hakuna haja ya kuichimba. Mgodi ungefungwa, na nyumba hizi ni za mgodi. Ungekuja kukaa wapi, Shangazi wangu?

Kaka yako unamjua. Tangazo lilibandikwa langoni asubuhi, jioni yeye anafunga mizigo. Mapazia chini, picha chini, sufuria zote ndani ya boksi isipokuwa moja. Mama akawa anapika wali, anaumimina kwenye beseni, anaosha sufuria, ndipo anabandika mchuzi, na huku nyuma unamsikia anavyosema. Hata ile saa ya ukutani uliyowapa kwenye harusi yao Baba aliiviringishia blanketi akaifungia, ila alisahau kuitoa betri. Ikawa inagonga humo humo ndani ya boksi. Wageni wanashtuka, wanauliza ni nini, na Baba anawajibu bila hata kutabasamu, "Ni saa. Yenyewe imeshaondoka."

Mimi nilicheka mbele za watu, lakini chumbani nililia. Nimezaliwa humu. Na nilijua kwamba jibu linatafutwa mezani kwangu, si kwa mtu mwingine.

Huwa unaniuliza kama bado nachezea matope. Ndiyo, bado. Mawe yanasagwa pamoja na maji mpaka yanakuwa uji. Uji unatiwa kwenye pipa, unawekewa dawa, unapulizwa hewa kutoka chini. Ile dawa inazifanya chembe za shaba ziyachukie maji, basi zinadandia mapovu na kupanda nayo juu, sisi tunalikwangua povu, na mchanga usio na kazi unabaki chini. Povu zuri ni zito na linameta. Povu letu la mawe mapya lilikuwa jeupe, jepesi, la kufulia shuka.

Tulibadili dawa. Tukaizidisha, tukaipunguza, tukasaga laini zaidi, wapi! Bosi wangu, ambaye tunamwita Daktari wa Mawe kwa jinsi anavyoshika jiwe utadhani analipima homa, alikwisha kuanza ripoti ya kusema haiwezekani. Nikamwomba aisimamishe kwanza. Akakubali, lakini aliniangalia kwa huruma, na unajua mimi kuonewa huruma kunanipandisha mori.

Sasa sikiliza. Nilikuwa naosha vyombo vya kazi, na pembeni nimeweka sampuli mbili za jiwe lile lile. Moja ilikuwa imetoka kusagwa muda ule ule, nyingine ilikuwa imetoka kwenye oveni. Shangazi, hazikufanana! Ile mbichi ilikuwa inang'aa. Ile ya oveni ilikuwa imefifia na ina wekundu kwa mbali, kama kisu kilicholala na maji. Nikazipeleka dirishani nikazitazama mpaka shingo ikaniuma.

Kwetu maabara hakuna sampuli inayojaribiwa bila kukaushwa. Ikishasagwa inaingia oveni, ikikauka inapimwa uzito, ndipo inarudishiwa maji. Ndivyo tulivyoikuta kazi, na kwa shaba ya zamani haikuleta matata yoyote. Sampuli zilipoanza kupanga foleni tukaongeza moto ili zikauke haraka. Kumbe haya mawe mapya yana hasira za karibu. Yakipata joto na hewa yanashika kutu, na chembe yenye kutu haipandi povu hata uibembeleze. Kule kiwandani mawe hayakaushwi hata kidogo, yanatoka kinuni na maji yake moja kwa moja hadi kwenye mapipa ya povu. Yaani tulikuwa tunayaoka sisi wenyewe, halafu tunayalaumu kwamba hayaelei!

Nilikimbia mpaka kwenye mizani. Huko anatawala mama mmoja tunayemwita Mama Gramu, mtu mwema sana ilimradi usipumue karibu na mizani yake. Nikamwambia nataka kujaribu bila oveni. Akaniangalia kama niliyeomba kuingia na viatu kitandani kwake.

"Mwanangu, mezani hapa hakipiti kitu kibichi. Nitajuaje mawe ni kiasi gani na maji ni kiasi gani?"

Na swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu bila uzito wa kweli hata tukifaulu hakuna atakayetuamini. Nikamwambia tuchote kidogo tu, tukikaushe hicho peke yake, kituonyeshe sampuli nzima ina maji kiasi gani. Akavua miwani, akaifuta taratibu mpaka nikatamani nimfutie mimi.

"Hapo sawa," akasema. "Lakini kuchota nachota mimi."

Tukaitia ile mbichi kwenye pipa. Nikafungua hewa. Shangazi, lilipanda povu jeusi, zito, linameta, likafurika likanimwagikia mikononi! Nilipiga kelele mpaka Daktari wa Mawe akaja mbio akidhani nimeumia. Alipoona, alichukua ile ripoti yake akafunikia kikombe cha chai. Tukarudia, tukarudia tena, na kila mara shaba inaelea. Majibu ya vipimo yakathibitisha kwamba karibu shaba yote imepanda juu, na kilichobaki chini ni mchanga mtupu.

Ikabaki kiwanda chenyewe. Wakubwa waliruhusu mawe mapya yasagwe kwa siku moja, wajionee kwa macho yao. Sasa bahati gani hii, siku hiyo ikaangukia zamu ya Baba! Kaka yako, msimamizi wa vinu, aliyekuwa ameshafungasha nyumba nzima, ndiye wa kutusagia. Asubuhi hakunywa chai. Alipiga pasi nguo za kazi, nguo ambazo saa hiyo hiyo zingejaa matope.

Pale kwenye mapipa makubwa tulisimama wote, wakubwa na kofia zao mpya, Mama Gramu na ndoo yake ya sampuli. Uji ukaingia. Mwanzo povu likaja jeupe. Roho yangu ikashuka mpaka kwenye buti. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Halafu likaanza kubadilika, likawa la kijivu, likaiva, likawa jeusi linalometa, likamwagika kwenye mfereji mfululizo bila kukatika. Baba alikuja kutoka kwenye vinu, akalichota kwa kiganja, akaligeuza geuza kwenye mwanga. Kisha akaufuta mkono wote kwenye koti langu jeupe la maabara, huku machozi yanamtoka mbele ya wafanyakazi wake.

"Nenda kamwambie mama yako atoe sufuria," akasema.

Koti sijalifua, Shangazi. Sitalifua.

Juzi tangazo la kufunga limebanduliwa langoni na mawe mapya yataanza kuchimbwa. Watu wa safu yetu wanagongeana milango hovyo, kila mmoja anaelezea povu ambalo hakuliona. Daktari wa Mawe ameandika ripoti nyingine na ameweka majina yetu sote watatu, la Mama Gramu likiwa na heshima zake zote. Oveni tumeibandikia karatasi ya kukataza kutia humo sampuli nzima. Mama ana sufuria zake zote na bado analalamika kwamba moja imepata kibonyeo. Saa imerudi ukutani na sasa tunaiona iko kimya, kwa jinsi tulivyozoea kuisikia boksini.

Baba amefungua maboksi yote isipokuwa moja. Ni lile lenye vitu vyako ulivyoacha, shuka zako, cherehani yako na ile birika unayoipenda. Amelipeleka chumba cha mbele, amelifuta vumbi, na Mama alipotaka kukata kamba amemkatalia katakata. Anasema mwenye boksi atalifungua mwenyewe.

Nisalimie binamu yangu mkubwa na mkewe, na yule mjukuu wako anayeogopa simu mwambie mimi siumi. Baba na Mama wanakusalimu sana. Goti ulitunze. Mungu akupe afya, akulinde usiku na mchana, na akulinde safarini. Ndiyo, nimeandika safarini, nawe umesoma vizuri.

Mimi ni yule yule akupendaye tangu ulipomtungia jina,

Kiherehere wako.