Ndege Iliyokaguliwa Kama Ng'ombe

Kibimba, Ngara
Juni 1979

Baba Rozalia,

Usishangae kuitwa hivyo. Vumilia usome, na huko vitani Uganda uwasalimie wenzako wote.

Migomba imezaa vizuri. Mafuta ya taa hakuna, tunakula gizani. Lakini sikia: misheni imenunua ndege! Si mpya. Tumbo lake lina viraka, na injini ni moja tu, inayokunywa mafuta ya taa kuliko kijiji kizima. Mwenye kuiuza aliituma ijaribiwe kwenye uwanja tulioufyeka sote.

Mama yako aliikagua kama ng'ombe wa mnadani. Aliizunguka, akaipapasa, akamuuliza rubani, "Kama ni nzuri, mbona mwenyewe anaiuza?"

"Anataka ya injini mbili, mama."

Padre akasita kuinunua. Nami nilikuwa nimeletwa palepale uwanjani, nina uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya kama yule wetu wa kwanza, aliyefia njiani ukiwa umebeba machela yangu. Mama akanishika mkono.

"Injini moja inatosha. Hata mkwe wangu ana moyo mmoja. Mpelekeni hospitali Biharamulo. Akifika salama, inunueni."

Nilifika, Privatus! Nilipita juu ya barabara ile kabla sijamaliza rozari. Rozalia ana masikio yako na sauti ya sajini. Padre alilipa wiki ileile.

Ukirudi, ile machela usiitafute. Mama aliipasua kuni, akanipikia uji wa uzazi.

Mimi, mama wa mwanao,
Clotilda