Mafundo ya Kamba ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, popote ulipo, ingawa salamu hii naitoa shingo upande. Masista wa misheni wamenifundisha kuandika, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwandikia ni wewe, nikugombeze.

Unakumbuka siku ulipoifunga ile kamba? Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, hapo nyumbani Kivukoni, akawa anapapasa kuta kama mwizi. Ulikaa upenuni kutwa nzima ukisokota magome, kisha ukaivuta kamba kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni, ukaipitisha jikoni, ukaimalizia chooni. Ukaitia mafundo ya wavuvi, yale ya nyavu zako: moja mlangoni, mahali pa kuinamisha kichwa, mawili jikoni, matatu chooni. Mama akaenda na kurudi peke yake mara nne, anacheka. "Sasa sishikwi mkono na mtu," akasema.

Juma lile lile ukanywa yale maji ya dawa, ukaenda vitani. Nilikusihi. Ukaniambia risasi za Mjerumani zitageuka matone, na kwamba utarudi kabla kamba haijalegea. Hivi, kaka, ulikuwa unaahidi nini? Wenzako waliorudi hawanitazami usoni nikiwauliza habari zako.

Tangu hapo nimejaribu kila kitu. Kitanda nilikiinua kwa magogo asipate taabu ya kunyanyuka. Akanuna, eti miguu inaning'inia. Kizingiti nilikichonga kikawa kifupi asijikwae. Masika mto ukatuingia ndani moja kwa moja. Kumbe baba hakukiinua bure! Mama akakaa juu ya kitanda kile kile alichokinunia, akanicheka mpaka akakohoa.

Lakini kamba, hataki iguswe. Imeoza, mchwa wameila. Mara mbili imemkatikia mkononi, na mara ya pili akaanguka karibu na mafiga, akaungua kiwiko. Nikamwambia basi, ahamie kwangu Lipangalala.

"Kwako nitabebwa kama mzigo," akasema. "Mwenye kamba akirudi ataibadilisha."

Mwenye kamba! Nilitoka nje nikapiga kinu teke, nikajiumiza kidole. Nina hasira na wewe, kaka, na sioni haya kuiandika.

Nikafanya ujanja. Kila nilipokuja kumtazama, yeye akiwa anaota jua nyuma ya nyumba, nilikata kipande kibovu nikaunga kipya. Mafundo niliyahesabu vizuri, moja, mawili, matatu. Ila mimi si mvuvi. Nilifunga ninavyofunga mzigo wa kuni.

Jumapili iliyopita nilimaliza kipande cha mwisho. Mama akainuka, akaishika kamba, akatembea mpaka fundo la kwanza, akasimama. Akalipapasa kwa vidole viwili, muda mrefu. Akaenda jikoni, akapapasa. Akafika chooni, wala hakujikwaa. Akarudi.

"Haya ni mafundo ya kuni," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Yananifikisha."

Kisha akaniomba kipande cha kamba ya zamani, chenye fundo lako. Nilikiokota nyuma ya jiko nikampa, nikidhani anataka kukiweka chini ya mto. Akajifunga kichwani, kama mfiwa, akakaa sakafuni akaanza kukulilia kwa jina. Miaka yote hii hakuwahi. Mtu akimtajia matanga alikuwa anamfukuza.

Mimi nilitaka asianguke tu, kaka. Sikutaka kuwa ndiye wa kumletea habari yako. Ilikuwa kazi yako kurudi, au ya wenzako kufungua kinywa, na mmeniachia mimi na kamba ya kuni.

Leo asubuhi amekwenda jikoni mwenyewe, amewasha moto, amenipikia uji. Kile kipande bado kiko kichwani. Kamba nitakuwa naibadilisha mimi, kila masika yakiisha. Wewe usijisumbue tena.

Ni mimi, mdogo wako, binti wa mama yetu