Bendera ya Karamu

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Luzira tu wazima, na babu yako bado anagombana na redio. Umeniuliza kama kweli niliwahi kuchora bendera ya chama. Nilichora, nikiwa binti, kwenye kibanda changu cha mabango pale Nakivubo. Mwenyekiti wa chama kidogo, Muganda mpole, aliniambia, "Nyabo, weka karamu katikati. Watu wetu wasome!" Nilishangaa wasome nini, lakini sikuuliza, nilijiona bingwa wa Kiswahili. Nikachora sufuria ya matoke, kuku na samaki.

Bendera ilipopandishwa mkutanoni, mwenyekiti alishika kichwa. "Nilisema karamu! Ya kuandikia!"

Kumbe alitaka kalamu. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mzee mmoja akauliza chakula kinaanza saa ngapi. Watu wakaangua kicheko, na mwenyekiti akacheka kuliko wote. Tangu hapo kila mteja namwomba anichoree kwanza kwa kidole mezani, hata akitaka kuku tu.

Nawe umeandika kwamba Krismasi utaniletea karamu. Karatasi nimeshanunua. Sufuria pia nimeiosha.

Nyanya yako