Mzee Nyuma ya Mlango

Uvira, 6 Machi 2023

Baba mpendwa,
Salamu kutoka kwetu Mulongwe, hapa Uvira. Mgongo unaendeleaje? Sisi tuko wazima, hata mjukuu ambaye hujamwona.
Nasikia unasema nilikutukana kwenye radio. Hapana, Baba. Kila Jumamosi, kwenye kipindi cha radio, ninawaeleza wanafunzi wa mwaka wa mwisho michezo ya kuigiza ya zamani. Siku ile ilikuwa zamu ya mzee wa mchezo mmoja, aliyemfungia binti yake mlango kwa sababu ameolewa na mgeni. Nilisema hana kiburi, anaogopa maneno ya watu. Nilimsema mzee wa kitabuni tu.
Binti yako,
Ninahazwe

Luvungi, 12 Machi

Ninahazwe,
Barua imefika. Minye niko muzima. Lakini jirani Ndayiragije alinicheka sokoni: “Binti yako anasema weye ni mwoga!” Tangu ulipoolewa na Ciza, mugeni huyo, hatuongei, halafu unanieleza kwa radio? Acha kuniandikia.
Baba yako

Uvira, 17 Machi

Baba,
Shikamoo. Pole kwa aibu ile. Sévère wa pikipiki anakuletea kitabu chenyewe. Kifaransa ulichofundishwa na mapadri kinatosha kukisoma. Kisome mpaka mwisho, halafu nitanyamaza ukitaka.
Binti yako

Luvungi, 30 Mei

Mwanangu,
Salamu kwako, kwa mutoto, na kwa Ciza. Mgongo uko afadhali.
Nimesoma mara mbili. Ulikosea. Angekuwa anaogopa watu, angebaki ndani kabisa. Lakini binti akigonga, mzee anakuja, anasimama nyuma ya mulango, mkono juu ya kufuli, mpaka anasikia binti anaenda. Huyo muntu anataka kufungua. Hajui tu aseme nini akishafungua. Minye ninamujua.
Jumapili, baada ya misa, nitapanda gari ya Uvira.
Baba yako

Uvira, 11 Juni

Baba yangu,
Tumeshukuru kusikia ulifika nyumbani salama. Huku kila gari likipita mtoto anakimbilia nje, anadhani umerudi. Ciza bado anacheka jinsi ulivyosimama uani mkono juu ya mlango wetu, kisha ukamwambia, “Leta huyo mutoto.” Nililia jikoni, Baba, ukadhani ni moshi. Tangu siku hiyo ninalala vizuri.
Jana kwenye radio nilisema nilikosea, kwamba msomaji mmoja wa Luvungi amenisahihisha. Mwanafunzi akapiga simu: “Madamu, huyo ni profesa gani?”
Nikamjibu, “Ni baba yangu.”
Mwanao,
Ninahazwe