Damu ya Upande wa Bibi

Ozi, 3 Mei 2025

Wifi yangu Mwanasiti,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, viungo vimetulia na jua la Minjila halikusumbui. Huku sote wazima, ila maji ya mto yaliingia mpunga, tumevuna nusu. Kaka yangu Athmani anakusalimu.

Utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na minne. Ningepiga simu, lakini simu yangu hushikwa na Hanan kutwa, na haya sitaki ayasikie. Barua nimempa mwenye pikapu ya samaki.

Hanan binti yangu amechumbiwa, alhamdulillahi. Kijana ni Faiz, mwalimu wa Kipini. Nikaha ni baada ya Idi ya kuchinja. Desturi unaijua: wanawake wa upande wa bwana harusi hupita kuiuliza nyumba ya mwari, kama ina ugonjwa au aibu. Watafika kwako, maana uliishi kwetu miaka mitatu.

Sasa wifi, tangu Ramadhani Hanan anaamka vidole vimekaza, hawezi kufunga kifungo. Na mashavu yamepata wekundu, yote mawili, mpaka juu ya pua. Mimi nasema ni jua. Ila wewe ukiulizwa, sema tu nyumba yetu ni safi. Ya zamani tuyaache huko huko.

Wifi yako,
Esha


Minjila, 9 Mei 2025

Esha, binti wa mjomba,

Waalaykum salaam. Mimi mzima kwa kadiri ya vidonge vitatu kwa siku. Umeuliza viungo, basi nikujibu: vimetulia. Kazi pia inakwenda. Wamama wa Kiorma wananiletea lita mia tatu na arobaini za maziwa kila asubuhi, nilianza na dumu moja la tano. Kadra, anayenipimia maziwa, anauliza barua ya nani imenikunja uso hivi.

Usiniite wifi. Uwifi ulikwisha siku Athmani alipoandika talaka na wewe umesimama mlangoni unamtajia maneno. Mimi ni mtoto wa shangazi yako. Ndivyo nilivyozaliwa, na ndiyo hesabu uliyoiruka.

Nikukumbushe, maana wewe una usahaulifu wa kuchagua. Mwaka 2011 nilivimba magoti na uso ukawa mwekundu kama huo wa Hanan. Ukawaambia wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga, thelathini na kitu, "Damu ya kina Mwanasiti imeoza, anayeoa pale anaoa vilema." Mimi nikaachwa. Sawa. Lakini mdogo wangu Zamzam alikosa nini? Posa ya kwanza ilirudi 2013. Ya pili 2016. Ya tatu 2019, na huyo wa tatu alikuwa ameshaleta kanga. Zamzam ana miaka thelathini na minne leo, hana hata kidole kinachomuuma.

Ugonjwa wangu unaitwa lupus. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaugeukia mwili wenyewe. Nimeketi mbele ya daktari wa viungo kule Mombasa mara arobaini na moja, na nimemuuliza kila kitu. Kwamba unapita katika damu ya ukoo? Ndiyo, kwa sehemu. Lakini katika watoto mia wa akina mama wenye ugonjwa huu, kama tisini na tano hawaupati maisha yao yote. Hata mapacha wanaofanana sura na damu, mara nyingi mmoja anaumwa na mwenzake hana habari. Damu huweka kuni tu. Moto huja na mengine: jua, homa, mabadiliko ya mwili wa kike.

Na sikiliza hili, Esha. Kila wagonjwa kumi, tisa ni wanawake. Mwanamume anaweza kuubeba na asiumwe hata siku moja, akamwachia binti yake. Nyinyi mkihesabu ukoo mnahesabu wanaume: fulani bin fulani bin fulani, wote wazima, nyumba safi. Bibi yetu Mwanahamisi hamkumhesabu, ila mlisema ana jini. Mikono ilikunjika, uso ukawa mwekundu, akafa miguu imejaa maji. Alizaa wawili: mama yangu na baba yako. Damu uliyoitukana mbele ya wanawake thelathini ni ya mama yake baba yako.

Sasa mambo mawili, usiyachanganye.

La Hanan halina sharti. Mimi si daktari, lakini mtazame: mkojo unatoa povu? Macho yanavimba asubuhi? Basi usingoje Idi. Mlete kwangu nimpeleke kliniki.

La wanawake wa Kipini ni lingine. Wakinifikia nitasema kweli, yote, kuanzia kwa Bibi. Una muda mpaka siku hiyo kuwatangulia na kusema mwenyewe kwamba ulitusingizia. Nakala ya barua hii ninayo.

Mtoto wa shangazi yako,
Mwanasiti


Ozi, 15 Mei 2025

Mwanasiti,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Hanan pia hajambo sasa, ilikuwa malaria tu, tumempa dawa. Wekundu tumeupaka liwa, unafifia. Kliniki ya nini? Kuna watu wa Kipini kila siku pale Minjila stendi, mtu akimwona mwari wangu anapanda basi la hospitali wiki tatu kabla ya harusi, nitasema nini?

Maneno ya 2011 ni maneno ya wanawake na ungo mkononi. Kila mtu alikuwa anasema. Wewe umeshika kama hati ya shamba. Mungu amekupa riziki, una friji za maziwa, una nyumba ya mawe, unataka nini tena kutoka kwangu?

Na Bibi Mwanahamisi mwache apumzike. Yule alikuwa na jini, wazee wote wanajua.

Nakuomba kwa jina la undugu. Nyamaza tu. Sikwambii useme uongo, nyamaza.

Wako,
Esha


Minjila, 24 Mei 2025

Esha,

Salamu ni wajibu, basi nakusalimu.

Walikuja Alhamisi, watatu: mama yake Faiz, khalati yake wa upande wa mama, na shangazi mmoja mwenye miwani. Niliwaandalia chai ya maziwa na mahamri. Mama Faiz alikuwa mpole. Akasema, "Bi Mwanasiti, tumekuja kuuliza nyumba, tusilaumiwe."

Nikasema, "Hamtalaumiwa. Ulizeni."

Nikawaeleza kuhusu Bibi Mwanahamisi. Nikawaeleza kuhusu mimi, nikawaonyesha cheti cha daktari. Sikumtaja Hanan kwamba anaumwa, maana sijamwona kwa macho. Nikasema: damu ni moja, yangu na yake. Halafu nikawapa ile hesabu nyingine, tena polepole, nikihesabu kwa vikombe mezani: wazima tisini na tano, wagonjwa watano. Hata akiwa nao, dawa ipo na watoto wanazaliwa. Nikawaambia nami nilipoolewa nilikuwa kigori mzima.

Yule wa miwani alikuwa ameshavaa viatu.

Niliwaambia yote mawili, Esha. Walisikia moja. Nani aliwafundisha watu wa huku kusikia hivyo? Zamzam aliwapokea vikombe. Hawakumtazama usoni.

Mtoto wa shangazi yako,
Mwanasiti


Ozi, 2 Juni 2025

Mwanasiti,

Sikupi salamu. Wamerudisha posa. Wamemtuma mzee mmoja na maneno mafupi, hata kahawa hakunywa. Hanan amejifungia chumbani siku ya nne.

Umefurahi? Kalale. Ulingoja miaka kumi na minne umchinje mtoto asiyekukosea. Alikuwa na miaka saba ulipoondoka, alikushika baibui akilia. Hasidi mkubwa wewe. Hizo friji zako zizime.

Usiniandikie tena.

Esha


Minjila, 5 Juni 2025

Esha,

Idi njema.

Unaniuliza kama nimefurahi. Nusu. Ningefurahi yote kama aliyerudishwa ungekuwa wewe. Zamzam naye hakukukosea, na hukuwahi kuniuliza alijifungia siku ngapi.

Hukujibu swali langu la mkojo. Nimeuliza mara moja, nauliza ya pili. Hili halina ugomvi ndani yake. Gari la maziwa linapita Witu kila Jumanne na linaweza kumchukua bila mtu kujua.

Mwanasiti


Minjila, 8 Julai 2025

Esha,

Jumanne tano gari limepita. Povu lipo au halipo?

Mwanasiti


Malindi, 11 Agosti 2025

Dada Mwanasiti,

Assalamu alaykum. Sijui kama ninastahili kukuuliza hali, lakini nauliza.

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la wodi. Tuko hapa siku ya sita. Povu lilikuwepo, Mwanasiti. Lilikuwepo tangu Mei. Niliogopa stendi. Badala yake nikamwita mganga, akamfukiza siku saba. Mwanzoni mwa mwezi huu Hanan akaamka macho yamefumba kwa kuvimba na miguu haiingii kandambili. Athmani ndiye aliyembeba mpaka kwenye boti.

Wamempima. Ni hiyo hiyo lupus, na imefika kwenye figo. Daktari ni msichana mdogo, anaandika haraka. Akauliza, "Mama, katika ukoo kuna mwingine mwenye ugonjwa kama huu?" Nikasema hakuna. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Fikiri vizuri, kwa upande wa kike pia. Inanisaidia." Hanan yuko pale kitandani ananitazama.

Nikasema yupo bibi yangu mzaa baba. Yupo na binti wa shangazi yangu. Daktari akaandika, wala hakushangaa. Ni Hanan aliyesema, "Bi Mwanasiti? Si ulituambia ni damu ya kwao?" Nikamwambia ni yetu pia. Akauliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu barua yako ya Mei.

Hajasema nami tangu siku hiyo. Siku ya nne leo. Chakula anapokea kwa muuguzi, kwangu hapokei.

Wanatupa rufaa Mombasa, kliniki ya viungo na ya figo. Simjui mtu kule. Wewe umekwenda mara arobaini na moja. Siombi msamaha, najua haupo. Naomba unionyeshe mlango.

Binti wa mjomba wako,
Esha


Minjila, 14 Agosti 2025

Esha,

Waalaykum salaam. Mimi mzima.

Umeniandikia kwamba Hanan hasemi nawe. Nimesoma hapo mara tatu, na nilifurahi mara zote tatu. Nikasoma la figo, nikakaa juu ya kreti tupu la maziwa mpaka Kadra akaja kuniinua. Mei mpaka Agosti ni siku tisini. Tisini, Esha. Sijakusamehe na sioni siku nitakayokusamehe.

Kliniki ni Alhamisi, tarehe ishirini na moja. Foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi, mkifika saa tatu hamuonwi. Beba barua ya rufaa, vipimo vyote vya damu na mkojo, na orodha ya kila alichokunywa au kufukizwa, hata cha aibu. Mvalishe mikono mirefu na mtandio mpana, jua lisimguse. Asile wala asinywe dawa yoyote ya mitishamba kuanzia leo. Figo zikiwahiwa zinaweza kutulia. Nimeona waliotulia, na nimeona ambao hawakutulia, na daktari mwenyewe hasemi kabla ya kupima.

Nitakuwa getini. Nitamshika Hanan mkono na kuingia naye. Mwambie hivyo, kama anakusikiliza. Kama hasikilizi, mpe barua hii aisome.

Wewe utakaa benchi la nje. Atapita karani wa kuandikisha na daftari, naye huuliza ukoo palepale mbele ya watu, ni nani kwenu anaumwa na ni wa upande gani. Umjibu kwa sauti. Siku hiyo nasindikizwa na Zamzam, na nimemwambia akae karibu yako.

Mtoto wa shangazi yako,
Mwanasiti